Mshuko wa volti

Land Rover ya shamba iliyozeeka ina namna yake ya kukataa kuwaka. Unageuza ufunguo, stata inalia tak, taa za dashibodi zinafifia, basi. Fundi anachukua taa yake ya kupimia, anagusisha ncha kwenye nati ya stata, taa inawaka vizuri, naye anatoa hukumu: "Moto unafika. Stata ndiyo imekufa." Stata inafunguliwa, inabadilishwa kaboni na bushi, inafungwa tena, na gari linalia tak vile vile.

Lugha ya gereji ina neno moja kwa umeme wote wa gari: moto. Waya wa moto, moto haufiki, betri haina moto. Ni neno zuri na limewalea mafundi wengi. Kasoro yake ni kwamba swali lake lina majibu mawili tu, upo au haupo, ilhali ugonjwa wa waya kuukuu ni wa kiasi, na wa mahali kiasi hicho kilipoishia.

Wahandisi wanaosoma kwa Kiingereza wana istilahi ya jambo hilo, "voltage drop", nasi tunaweza kuifasiri kwa njia kadhaa. "Upungufu wa volti" unamfanya msikilizaji ailaumu betri, kana kwamba volti zilitoka chache tangu mwanzo. "Upotevu" unataja hasara bila kuuliza imetokea wapi. "Anguko" lina kishindo. Linafaa umeme wa nyumbani unapodhoofika ghafla jirani anapowasha mashine ya kuchomelea. Mimi nachagua "mshuko", na sababu yangu ni kitenzi chake, maana kushuka kunazaa kushukia. Abiria waliopanda daladala kituo cha kwanza watakuwa wameshuka wote gari likifika mwisho. La kuuliza ni nani kashukia wapi. Volti nazo ndivyo. Zote zinazotoka betri zitakuwa zimeshuka mkondo ukikamilisha mzunguko wake. Tunataka karibu zote zishukie ndani ya stata, zikafanye kazi. Zinazoshukia njiani, kwenye kichwa cha betri chenye ukungu mweupe au kwenye nati iliyolegea, zinageuka joto tu.

Kwa nini basi taa ya fundi haikuliona hilo? Mshuko ni mkondo mara ukinzani. Hesabu hiyo inatokana na kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Chukua kiungo kilichoota kutu chenye ukinzani wa omu 0.02. Taa ndogo ya wati 5 inavuta chini ya nusu ampea, hivyo mshuko wake hapo haufiki hata sehemu moja ya mia ya volti. Taa itawaka kama kawaida. Stata ya injini ya petroli ya silinda nne huweza kuvuta ampea 150, na kwa mkondo huo kiungo kile kile kinameza volti 3. Betri yenyewe, iliyokuwa na 12.6 ikiwa imepumzika, chini ya mzigo huo imekwisha teremka hadi 10 hivi. Stata inabaki na 7. Taa haikudanganya, iliulizwa swali jepesi mno.

Ndiyo maana mshuko haupimwi umeme ukiwa umelala. Weka gia huru, chomoa waya mwembamba unaoipa koili umeme ili injini isiwake, na mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya betri yenyewe, si kibano kilichoikumbatia, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa uko baina ya hivyo viwili. Ncha ya pili iguse nati ya stata. Kabla ya kupiga stata mita ikisoma volti zote, ni kwa kuwa njia bado imekatika, usiijali. Soma pale mwenzako anapopiga stata kwa sekunde chache. Sasa mita inaonyesha zile tu zilizoshukia katikati. Nusu volti kwa njia nzima inavumilika. Zikizidi, sogeza ncha ya pili kuelekea betri, kiungo baada ya kiungo, mpaka namba iporomoke: mbovu ni kile ulichokivuka punde.

Upande wa athi, yaani njia ya mkondo kurudi betri, hupimwa vivyo hivyo, nao ndio unaosahauliwa. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kuna utepe wa nyaya zilizosukwa unaoiunganisha na chasisi. Utepe huo ukiliwa na kutu, mkondo wa stata unatafuta njia nyingine, mara nyingi kebo ya choki. Ukiona kebo ya choki inatoa moshi wakati wa kupiga stata, usiiguse choki, tafuta utepe.

Kwenye gari hizi neno "moto" linaleta mtego mwingine. Land Rover nyingi zilizotoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, hadi katikati ya miaka ya 1960 zilifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Waya ambao fundi angeuita wa moto ni wa hasi. Aliyezoea magari ya sasa akafunga altaneta bila kuuliza, huunguza dayodi kabla hajawasha kitu. Mshuko hausumbuliwi na hilo: ni tofauti kati ya ncha mbili, na ukizishika kinyume mita itaongeza alama ya kutoa mbele ya namba ile ile.

Kuna gari ambalo stata inazunguka lakini injini haiwaki, kisha vijana wakilisukuma linanguruma mara moja. Watu husema lina kiburi. Ukweli ni kwamba koili na stata zinakula sahani moja. Stata ikivuta volti za betri hadi 7 au 8, cheche ya plagi inakonda mno. Gari likisukumwa, stata haihitaji kitu na koili inapata volti zake zote. Hata hivyo koili nayo ina vituo vyake. Fuata waya mweupe, ambao kwa rangi za Waingereza ndio unaobeba umeme wa swichi, hadi kwenye koili. Kisha waya wa kutoka koili kwenda distributa. Pointi zikiwa zimefungana na swichi imewashwa, pima kati ya waya huo wa distributa na bloku ya injini. Sehemu mbili za kumi za volti ni afya. Volti nzima ni pointi zilizoungua, au bamba lao limekosa athi.

Ningependa kuona istilahi hii kwenye karatasi ya kazi ya gereji. "Waya mbovu" humwacha fundi wa zamu inayofuata aanze upya. "Mshuko volti 1.8, utepe wa injini hadi chasisi" humwambia achukue spana gani na aingie chini ya gari upande upi.