Je, juisi ya matunda inawafaa wenye ugonjwa wa jongo?

Mgonjwa wa jongo anaposhauriwa kupunguza nyama nyekundu na pombe, mara nyingi hugeukia juisi, akiamini kuwa kinachotoka katika tunda hakiwezi kumdhuru. Hata hivyo, tafiti zinaonyesha kuwa juisi, hata ile iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa sukari, inaweza kuuchochea ugonjwa huohuo anaoukimbia.

Jongo hutokeaje?

Jongo husababishwa na kuzidi kwa asidi ya yuriki katika damu. Asidi hiyo ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, kemikali zilizomo katika seli za mwili wenyewe na katika vyakula kama vile maini, figo, dagaa na nyama nyekundu. Kwa kawaida sehemu kubwa ya taka hiyo hutolewa na figo kupitia mkojo. Inaporundikana, hutengeneza fuwele zenye ncha kali ndani ya viungo. Maumivu huanza ghafla, aghalabu usiku na kwenye kidole gumba cha mguu, na huwa makali kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka kumgusa.

Tatizo la juisi ni nini?

Juisi nyingi hazina purini za kutia wasiwasi. Tatizo ni fruktosi, sukari inayochangia utamu wa matunda. Ini linapochakata fruktosi kwa wingi, hutumia kwa kasi akiba ya nishati iliyomo katika seli zake, na mabaki ya kemikali inayobeba nishati hiyo hugeuka kuwa asidi ya yuriki. Sukari ya kawaida ya mezani, ambayo hutokana na miwa, nayo ni nusu fruktosi. Kwa hiyo juisi ya miwa, au ya ukwaju iliyotiwa sukari nyingi, haina unafuu.

Kula tunda zima ni jambo tofauti. Chungwa moja huliwa taratibu pamoja na nyuzinyuzi zake, ilhali glasi moja ya juisi huhitaji machungwa matatu au manne na humalizika kwa dakika chache. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, huihesabu sukari ya juisi katika kundi moja na sukari inayoongezwa kwenye vyakula, lakini halifanyi hivyo kwa sukari iliyo ndani ya tunda zima.

Tafiti zinasema nini?

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia wanaume zaidi ya 46,000 kwa miaka 12. Waliokunywa glasi mbili au zaidi za juisi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata jongo iliyozidi kwa takriban asilimia 80 ile ya waliokunywa chini ya glasi moja kwa mwezi. Ulaji mwingi wa machungwa na matufaha nao ulihusishwa na hatari hiyo. Mwaka 2010, utafiti mwingine wa Marekani uliowahusu wanawake karibu 79,000 ulitoa matokeo kama hayo kuhusu juisi ya machungwa. Tafiti hizi zinaonyesha uhusiano tu; hazithibitishi kuwa juisi pekee ndiyo chanzo.

Mgonjwa anywe nini?

Maji ndiyo kinywaji bora, kwani husaidia figo kutoa asidi ya yuriki. Wenye maradhi ya figo au moyo wamuulize daktari kiasi kinachowafaa. Maziwa yenye mafuta kidogo na kahawa isiyo na sukari vimehusishwa na hatari ndogo ya jongo. Anayependa ladha ya matunda anaweza kukamulia limau kwenye maji, au kula kipande cha papai au embe badala ya kukisaga. Juisi ikinywewa, iwe glasi ndogo, tena mara mojamoja.

Hata hivyo, mlo pekee hushusha asidi ya yuriki kwa kiasi kidogo tu. Mgonjwa anayeshambuliwa mara kwa mara huhitaji dawa kama alopurinoli, inayotumiwa kwa maelekezo ya daktari. Kuiacha kwa kutegemea juisi yoyote, hata inayosifiwa kuwa tiba, kunaweza kuviharibu viungo na figo kabisa.