Lugha ya Kwanza ya Seva na Njia Iliyoileta Kigoma

Mwezi wa Februari 1858, wasafiri Richard Burton na John Speke walipoteremka Ujiji baada ya kuifuata njia ya misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora na kuishia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatangulia, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliopita njia hiyo hiyo miaka kadhaa kabla yao ndio waliokileta pamoja na nguo na shanga zao. Naye msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, ameandika namna soko la Ujiji lilivyotumia shanga ziitwazo sofi badala ya fedha, na namna watu wenye mifuko ya shanga walivyokaa pale wakiwabadilishia waliotaka kununua soko lilipofunguliwa, kisha wakazipokea tena kwa wauzaji soko lilipofungwa. Katika soko hilo hakuketi mtu akaipima sarufi ya Kiswahili na sarufi ya Kiha ili ajue iliyo bora. Mha, Mjiji, Mbembe na Mmanyema walikishika Kiswahili maadamu ndicho kilichotajiwa bei ya nguo, ya pembe na ya chumvi ya Uvinza, na kwa sababu hiyo hiyo kikavuka ziwa kikaenea Manyema na mashariki ya Kongo, ambako kinasemwa hata leo.

Nimeanza na soko la Ujiji kwa kusudi. Vijana wa Kigoma wanaojifunza kutengeneza tovuti huulizana ni ipi, katika lugha za programu zifanyazo kazi upande wa seva, inayofaa kushikwa kwanza, na aghalabu swali hilo hujibiwa kwa kuzitaja fadhila za lugha zenyewe: hii ina wepesi, ile ina nidhamu, ile nyingine inatakwa na waajiri. Walakini mwenye kuisoma taarikhi ya jambo hili katika Afrika ya Mashariki ataona kwamba ni mara chache fadhila hizo zilipokuwa ndizo zilizoamua. Yaliyoamua ni umeme, ni gharama ya kukodi nafasi kwenye seva na namna ya kuilipa, na ni mwalimu aliyepatikana karibu.

Tuseme mfanyabiashara wa Kibirizi, apokeaye dagaa alfajiri wavuvi wanaporudi na kuwapeleka Tabora na Dar es Salaam, ataka daftari la mizigo yake lisomeke mtandaoni. Rangi, picha na vitufe huonyeshwa na kivinjari katika simu ya mteja. Bali kuhakiki neno la siri, kutafuta katika hifadhidata ni magunia mangapi yaliyopakiwa jana, kukokotoa deni lililosalia na kumwandikia kila aulizaye ukurasa unaomhusu yeye, hayo yote hufanywa na kompyuta nyingine iliyo mbali, iwakayo usiku na mchana, nayo ndiyo seva. Lugha tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo kwayo kompyuta hiyo hupewa amri zake.

Nchi yetu haikuiendea elimu hii kwa pupa. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya Serikali kuona taabu katika hesabu zake zilizotiwa mashineni, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hayo yalipokuja kulegea, ulimwengu ulikuwa unaelekea kwenye wavuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989. Mwaka 1993, mafundi wa NCSA huko Marekani waliweka kaida iitwayo CGI, ambayo kwayo seva iliweza kuiamsha programu ili ijibu ombi la msomaji, na wengi waliitumia kaida hiyo kwa lugha ya Perl, iliyotungwa na Larry Wall mwaka 1987. Ilifaa, lakini kwa kila ombi moja seva iliianzisha programu upya, na maombi yalipozidi mashine ilielemewa.

Kisha ukaja mwaka 1995, na katika taarikhi yote ya sanaa hii sijui mwaka mwingine uliokuwa na baraka kama huo, kwani ndani yake zilitokea Java, JavaScript na Ruby, hifadhidata ya MySQL, na seva ya Apache. Mwezi wa Juni mwaka huo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa kwa umma zana ndogo alizokuwa ameziandika mwaka uliotangulia kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, ili ajue ni nani aliyeyasoma maelezo yake ya kazi. Hakuwa amekusudia kutunga lugha. Walakini watu walizichukua, wakaziongeza, na mwaka 1998 Andi Gutmans na Zeev Suraski walipotoa injini ya zana hizo iliyoandikwa upya, ulimwengu ukaijua lugha hiyo kwa jina la PHP tu.

Kigoma yote haya yalifika kwa kuchelewa, kama ilivyofika reli mwaka 1914. Kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofunguliwa Dar es Salaam, intaneti ya Tanzania ilitegemea satelaiti, ikawa ghali kwa kila mtu na ghali zaidi kwa aliye mbali na pwani; na hata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipofikishwa huku, umeme wa mkoa ulikuwa bado ukitoka kwenye majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kufika. Mwanafunzi katika hali hiyo alihitaji lugha ambayo angeweza kujifunza bila kuwa mtandaoni, kwenye mashine kuukuu, na kuihifadhi kazi yake upesi kabla umeme haujakatika.

Hapo ndipo PHP ilipopata nguvu yake. Tangu mwaka 2002 kulikuwa na furushi liitwalo XAMPP, lililotengenezwa Ujerumani, ambalo ndani yake Apache, PHP na hifadhidata vilifungwa pamoja, bila malipo, katika faili moja liwezalo kubebwa kwenye flash na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Ukilisimika, kompyuta yako mwenyewe inageuka seva. Unafungua folda iitwayo htdocs, unaandika faili lenye jina liishialo kwa .php, ndani yake unaweka amri ya echo na maneno ya salamu yako, unafungua kivinjari, unaandika localhost na jina la faili hilo, na salamu yako inasomeka mbele yako. Ukisahau nuktamkato mwishoni mwa mstari, ukurasa unakupa maneno ya kosa na nambari ya mstari ulipokwama, tena aghalabu kosa lenyewe limo katika mstari ulio juu yake, jambo ambalo kila aliyejifunza hivyo amelijua kwa kulitafuta. Nami naamini kwamba furaha ya kuiona mashine ikijibu kwa maneno uliyoyaandika mwenyewe, papo hapo na bila bando, imewafanya vijana wengi waendelee ambao vinginevyo wangeacha siku ya kwanza.

Lililofuata lilikuwa kuipeleka kazi mtandaoni, na hapo bei iliongea. Programu ya PHP huamka ombi linapokuja, hujibu, kisha hulala na kuiachilia kumbukumbu yote iliyoitumia. Kwa hiyo mwenye seva moja aliweza kuweka juu yake tovuti za mamia ya wateja na kuwatoza kila mmoja fedha kidogo. Java ilihitaji programu ikae macho muda wote na kushika kumbukumbu nyingi. Ruby on Rails iliyotoka 2004, na Django ya lugha ya Python, iliyotolewa 2005 kutoka katika gazeti la mji wa Lawrence huko Kansas, zilitaka seva ambayo mteja anaitawala mwenyewe, inayolipiwa aghalabu kwa dola na kwa kadi ya benki. Watoa huduma wa nchini, wenye nafasi za PHP, walikubali shilingi, na baada ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008 mtu wa Mwanga au Gungu aliweza kulipa kwa simu. Mimi sioni sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hii.

Fauka ya hayo, kulikuwa na mifano iliyoonekana. JamiiForums, iliyoanza 2006 kwa jina la Jambo Forums, iliendeshwa kwa programu iliyoandikwa kwa PHP. Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliianzisha Ushahidi ili wananchi watume habari za vurugu zionyeshwe juu ya ramani, na programu waliyoisambaza baadaye kwa mataifa mengine iliandikwa kwa PHP. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria katika kituo cha Kigoma, anapofungua masomo yake kwenye Moodle, anahudumiwa na PHP pengine bila kuijua.

Lakini si haki kuisifu lugha hii na kuyaficha madhara yaliyokuja na wepesi wake. Maelezo yaliyozunguka kwenye flash yalikuwa ya zamani, nayo yalifundisha amri ya mysql_connect na desturi ya kuyachukua maneno ya mgeni kama alivyoyaandika na kuyapachika ndani ya swali la hifadhidata. Mgeni mwema aliandika jina lake. Mgeni mwovu aliandika kipande cha amri, na hifadhidata ikamtii. Amri hizo za kale zilitangazwa kuwa zaondoka katika toleo la 5.5 la mwaka 2013, zikaondolewa kabisa katika PHP 7 ya Desemba 2015, na kila mahali ambapo watoa huduma walihamia toleo jipya, tovuti zilizotegemea amri hizo zilikoma siku hiyo hiyo, wenyewe wasijue kilichowapata. Hasara hiyo haikutokana na lugha peke yake. Ilitokana na kujifunza pasipo mwalimu na kutoka katika maandishi yasiyosahihishwa.

Wako pia waliolazimika kushika njia nyingine. Zahanati na vituo vya afya vya mkoa, pamoja na Hospitali ya Maweni, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, kwa kalamu, kisha hesabu zake huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ukashughulikiwa hapa nchini na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuenezwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Mfumo huo umeandikwa kwa Java, kama ulivyo OpenMRS wa kumbukumbu za wagonjwa, uliokua pamoja na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret. Kijana atakaye kuitumikia afya ya umma hana budi kuielekea Java, hata kama hapo mwanzo itamchosha kwa urefu wa maandishi yake.

Hivi sasa mambo yamegeuka tena. Node.js, iliyotolewa na Ryan Dahl mwaka 2009, imewezesha JavaScript kufanya kazi kwenye seva kama ifanyavyo kwenye kivinjari, na Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, inafundishwa vyuoni kwa sababu ya takwimu na akili mnemba. Nafasi za seva zimeshuka bei. Lakini nawakumbusha wanaotaka kuruka moja kwa moja kwenye mapya kwamba mvuvi wa Mwamgongo, kijiji kisicho mbali na mpaka wa Hifadhi ya Gombe, au wa Kalya kusini mwa mkoa, huenda ana kitochi kisicho na kivinjari. Naye hufikiwa kwa huduma ya USSD, ambapo kampuni ya simu huipelekea seva tarakimu alizobonyeza, na seva hujibu kwa mistari michache ya maandishi matupu. Katika huduma ya Africa's Talking ya Nairobi jibu hilo huanza kwa CON ikiwa mazungumzo yanaendelea, au END ikiwa yamekwisha, na lugha yoyote tuliyoitaja yaweza kulitoa. Kazi ya namna hiyo, ya kumjulisha mvuvi bei ya dagaa kabla hajatia mzigo mtumbwini, naiona kuwa mazoezi mema kuliko kunakili duka la mtandaoni la nchi za mbali.

Rai yangu, basi, kwa anayeanza leo Kigoma ni hii: akiwa peke yake, na nia yake ni kuwatengenezea tovuti wenye hoteli, wenye maduka na wenye mitumbwi, ashike PHP ya toleo la sasa, na somo lake la kwanza liwe jinsi ya kutenganisha maneno ya mgeni na amri za hifadhidata. Akiwa na mwalimu wa Python anayemfikia kwa miguu, aishike Python, kwa maana mtu wa kumuuliza ni aula kuliko lugha. Namna ombi linavyokuja na jibu linavyokwenda, namna mgeni anavyotambuliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na namna hifadhidata inavyopangwa, hayo akiyajua katika lugha moja hatayajifunza upya katika ya pili.

Kwa walimu wa kompyuta wa shule na vyuo vya mkoa huu nina ombi. Kitabu rasmi cha maelezo ya PHP kimetafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kijapani, Kirusi, Kituruki na lugha nyinginezo, na Kiswahili hakimo. Kazi hiyo imeachwa wazi kwa kila ajitoleaye, haihitaji ruhusa ya wizara wala fedha ya mfadhili, na sura zake za mwanzo ni fupi. Zianzwe Ujiji.