SAFARI YA MELI ZIWA VICTORIA: YA KUJUA KABLA HUJAPANDA (WATU WA SHINYANGA, KAHAMA NA GEITA MSOME HAPA)

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nimekuwa nikiulizwa sana na vijana wa huku kwetu, wengine wanataka kwenda Bukoba kumsalimia mtu, wengine Ukerewe, wengine duara limetema na mfuko umetuna, wanataka kula likizo kama watu. Maswali ni yale yale: meli ikoje? Unalala wapi? Utatapika? Halafu lile ambalo watu wanauliza kwa sauti ya chini: ni salama?

Sisi wa ukanda huu maji tuliyajua kwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Unatoka Geita kwenda Mwanza, basi linakaa foleni, mnashuka, mnapanda kivuko, mnaangalia mawe na samaki wa kukaanga wa ng'ambo, safari inaendelea. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la JPM likafunguliwa, kilomita 3 juu ya ziwa, na sasa basi linapita dakika chache tu. Safi sana, hakuna aliyelia. Ila maana yake ni kwamba kijana wa Geita anaweza kufika miaka ishirini hajawahi kugusa jaketi okozi, halafu siku yake ya kwanza kupanda chombo iwe usiku, kwenye maji marefu, safari ya saa nyingi. Huyo ndiye namwandikia.

Usitegemee zile meli za anasa za kwenye filamu zenye mabwawa ya kuogelea ghorofa ya kumi. Hizo zikija nchini huishia Zanzibar na Dar. Meli yetu kubwa ya miaka yote ni MV Victoria. Ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kuanza kazi 1961, yaani ni rika moja na Uhuru. Ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, abiria 1,200 na mizigo tani 200. Mwaka huo huo ikarudi na mdogo wake, MV Butiama, abiria 200, kwa ajili ya Ukerewe. Halafu kuna MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023: urefu mita 92.6, abiria 1,200, mizigo tani 400 na inabeba mpaka magari. Kampuni ya serikali inayoziendesha zamani iliitwa MSCL, sasa ni TASHICO, kwa hiyo usishangae kukuta majina mawili kwenye makaratasi ya zamani na mapya.

Ratiba hazigandi. Meli inaweza kwenda matengenezo na siku zikahamishwa, kwa hiyo usipande basi la alfajiri kutoka Shinyanga kwa sababu tu shemeji yako alisafiri Alhamisi mwaka juzi. Piga simu bandarini kwanza, au mtume mtu wa Mwanza akaulize dirishani. Kwa kawaida meli ya Bukoba inatembea usiku, unaingia jioni na kuamkia huko. Fika mchana. Mwanza ina bandari mbili, abiria ni Bandari ya Kaskazini, pale pale mjini. Ukimwambia bodaboda "bandarini" tu na yeye akakupeleka Kusini kwenye mizigo na reli, mtarushiana maneno bure.

Sasa TIKETI. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, lakini nyumba nyingi za Kagera na Mwanza zina mtu wao pale. Meli ilipinduka ikaelea kichwa chini, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama moja kwa moja. Pale Igoma, Mwanza, kuna makaburi ya pamoja. Ukitafuta leo idadi ya waliokufa utakuta hesabu tofauti tofauti, zinapishana kwa mamia. Kwa nini? Sababu mojawapo ni kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina, watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Rudia kusoma hapo. Daraja la tatu ndiyo sisi.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara kikitokea Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220, waliookolewa 41. Na siku zile za mwanzo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika walipanda wangapi, maana mkata tiketi naye alikufa na mashine yake ikapotea majini.

Kwa hiyo kabla ya jaketi, kabla ya vidonge vya kichefuchefu, jambo la kwanza ni jina lako liandikwe, na liwe jina lako kweli. Huku machimboni watu wanaishi kwa majina ya utani. Kwao anaitwa Masanja, duarani anaitwa Kobe, na kitabu cha mgao kimeandikwa Kobe. Akikata tiketi kwa jina la Kobe, siku ya siku mama yake yuko Kishapu anamtafuta Masanja kwenye orodha na hamuoni. Toa kitambulisho cha NIDA, andikisha majina yako yote na namba ya simu ya ndugu. Usinunue tiketi kwa wale jamaa wa nje ya geti wanaosema "hii ni ya mtu ameahirisha, chukua kwa bei poa". Hata kama ni halali, ina jina la mtu mwingine, na wewe unasafiri kama mzimu.

Na watoto. Mtoto asiyelipiwa nauli ndiye anayesahaulika kwenye orodha. Kuna safari moja ya boti, jina la boti nalihifadhi, karani alikuwa anaandika "mama + 2" na kuendelea. Nikamwambia kaka, hao wawili wana majina. Watu wakacheka, mmoja akasema huyu mwandishi ana matatizo. Bibi mmoja nyuma yangu hakucheka. Akasogea akasema, "Basi mwanangu, andika na la mjukuu wangu, anaitwa Neema." Karani akaguna, ila akaandika, na akarudia wote. Tulichelewa dakika kumi hivi. Sikuona aliyekufa kwa kuchelewa.

Ukishaingia usikimbilie kulala. Daraja la kwanza na la pili unapata chumba cha kitanda, la tatu ni viti, na wengine wanajinyoosha chini kwenye kanga. Popote utakapokaa fanya hivi: simama ulipo, tembea mpaka nje kwenye hewa, hesabu milango na ngazi, halafu rudi. Mara ya pili fanya kama vile taa zimezimika, mkono ukutani. Inachukua dakika tatu. Uliza jaketi okozi ziko wapi na ujaribu moja, ufunge kamba zote, za mbele na ya chini kama ipo. Jaketi lisilofungwa likiingia majini linapanda kichwani na wewe unabaki chini. Kama uko na mtoto tafuta la saizi yake, la mtu mzima linamvuka.

Halafu acha mchezo wa kuhamia wote upande mmoja. Meli inapokaribia gati kila mtu anataka kuwa wa kwanza kushuka, au kuna kitu cha kupiga picha, watu mia wanahamia kulia. Kwa meli kubwa ni kero, kwa kivuko au boti ndogo ni hatari yenyewe. MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika gatini. Kaa ulipo mpaka ifungwe kamba.

Kuhusu kutapika: ndiyo, unaweza kutapika, na si dalili ya ushamba. Chombo kinayumba zaidi mbele, nyuma na juu. Katikati na chini ndiko kumetulia. Kwa hiyo ukichagua kiti tafuta katikati. Kula kidogo masaa mawili kabla, wali mkavu au ndizi, siyo chipsi zinazoogelea mafuta na bia tatu. Kama unajijua, nunua duka la dawa kidonge cha kuzuia kichefuchefu cha safari na umeze kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika umechelewa. Kidonge hicho kinaleta usingizi, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo au mzigo wa thamani ajiangalie. Tangawizi inasaidia watu wengi. Simu weka mfukoni, kuangalia skrini kunaongeza kizunguzungu. Toka nje, angalia mbali, taa za ng'ambo au mstari wa maji.

Hali ya hewa ya ziwa siyo ya Shinyanga. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa ya joto juu ya ziwa inapanda na kutengeneza mawingu, ndiyo maana radi na dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri wakati nyumbani nyota zinawaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwani, upepo na urefu wa mawimbi. Usikilize kabla ya kwenda, na nahodha akiahirisha safari usiwe yule anayempigia kelele. Pia ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku linabaridi kweli. Njoo na sweta na shuka la Kimasai. Nimeona vijana wa Kahama wamekuja na fulana za mpira wakaishia kujifunika magunia.

Chakula kipo ndani, chai, wali, samaki, bei juu kidogo ya mtaani. Beba maji yako. Chaji simu kabla, maana soketi za daraja la tatu zina foleni kuliko choo, na katikati ya ziwa mtandao unakata. Kurudi kutoka Bukoba jiandae kuishi na mikungu ya ndizi, inapanda mpaka chini ya viti.

Hili ni la wenzetu wa machimbo na nitalisema wazi. Zebaki, tindikali, baruti na dumu la petroli havipandi meli ya abiria, hata uvifunge kwenye begi la nguo. Zebaki ikimwagika ndani ya chumba chenye watoto huiondoi kwa fagio. Na dhahabu kwenye soksi ni habari nyingine. Tangu Machi 2019 Geita kuna soko la madini, na masoko mengine yakafuata mikoani. Uza pale, upate karatasi, pesa iweke kwenye simu au benki, usafiri mikono mitupu. Usiku mzima daraja la tatu umekumbatia begi huwezi kuita likizo.

Wanaotaka likizo yenyewe, msiende mbali. Rubondo iko mkoani Geita hapa hapa, hifadhi ya taifa tangu 1977, na ina sokwe. Hao sokwe siyo wenyeji, waliletwa kutoka Ulaya kuanzia 1966, wakaachiwa kisiwani, na wajukuu zao ndio wanaokukimbia leo porini. Unafika kwa boti kutokea upande wa Chato au Nkome. Panga na ofisi ya hifadhi, siyo na kijana wa mwaloni mwenye mtumbwi wa dagaa.

Maana mitumbwi ya injini ndiyo inayobeba watu wetu wengi kwenda visiwani, na huko hakuna tiketi wala orodha. Angalia kama ina namba ya usajili na idadi ya abiria iliyoruhusiwa. Hesabu vichwa mwenyewe. Jaketi hakuna? Shuka. Kukiwa na wimbi, shuka. Kama lazima uende, mtumie mtu wa nyumbani ujumbe kabla ya kuondoka: jina la mwalo, jina la mtumbwi, saa mliyoondoka, mko wangapi. Hiyo ndiyo orodha yako. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kufika kisiwani usirukie kuoga ufukweni kwenye majani na maji yaliyotulia, kichocho kipo ziwa hili. Ukishaoga, nenda kapime baada ya wiki kadhaa, dawa yake ipo na inatibu.

Nauli sijaziweka makusudi, zinabadilika na mtu atakuja kugombana na karani kwa sababu yangu. Aliyesafiri wiki hizi Mwanza–Bukoba au Chato–Nkome atuwekee hapo chini alilipa kiasi gani, daraja gani, na kama waliandika jina lake.