Sheria ya Soko la Pamoja la Wavuvi (Marekani, 1934)

Sheria ya Soko la Pamoja la Wavuvi ni sheria ya Marekani ya tarehe 25 Juni 1934 inayowaruhusu wavuvi wa biashara kuungana katika vyama ili kuvua, kuandaa na kuuza samaki kwa pamoja, ikiwa ni pamoja na kupatana bei na wanunuzi. Ilifuata mfano wa Sheria ya Capper-Volstead ya 1922, iliyowapa wakulima ruhusa kama hiyo. Bila kinga hiyo, wavuvi wanaokubaliana bei wangeweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Sherman ya 1890 dhidi ya ukiritimba, kwa kuwa mwenye mashua yake huhesabiwa mfanyabiashara, si mwajiriwa. Mahakama Kuu ilishikilia tofauti hiyo mwaka 1942, katika shauri la wavuvi na kampuni ya kusindika samaki ya Columbia River Packers: ugomvi wa bei ya samaki, ilisema, si mgogoro wa kazi.

Chama lazima kiwe na kura moja kwa kila mwanachama, au kisilipe gawio linalozidi asilimia 8 kwa mwaka. Kikipandisha bei kupita kiasi kwa kuhodhi soko, Waziri wa Biashara anaweza kukiamuru kiache.