Nyumba Ndogo za Ruyigi
Sisi wa Kigoma tuliwapokea Warundi waliokimbia vita tangu 1993, kwa hiyo mji wa Ruyigi, Burundi, kwangu ni jirani. Tarehe 24 Oktoba mwaka ule, Mrundi Marguerite Barankitse alifungwa huko kwenye kiti, akaona watu 72 wakiuawa. Alinusuru watoto 25. Ndipo likazaliwa shirika lake la kulea yatima, Maison Shalom. Namuenzi zaidi kwa kukataa kuwarundika yatima bwenini: ndugu walikaa pamoja katika nyumba ndogo, mkubwa wao akiongoza kaya, wakipika na kulima wenyewe, Wahutu kwa Watutsi. Mwaka 2008 akafungua hospitali ya REMA, kina mama wajifungulie mahali salama. Alipokimbilia ugenini 2015, alianza upya mjini Kigali na wakimbizi wenzake.