Deraya ya Kitani: Hobi ya Mwanafunzi Iliyogeuka Swali la Historia

Tuseme umepewa kazi ya kutengeneza deraya, yaani vazi la kumkinga askari vitani. Sharti ni moja tu: iwe ya aina ambayo haijabaki hata moja nzima duniani. Fundi wa kumuuliza hayupo, kitabu cha maelekezo hakipo. Una picha kwenye vyungu vya kale, sanamu kadhaa, na sentensi chache za waandishi waliokufa zamani sana. Unaanzia wapi?

Hiyo ndiyo hali ya linothoraksi, deraya ya kitani ya Wagiriki wa kale. Na cha kufurahisha ni kwamba mmoja wa watu walioisukuma mbele hadithi yake hakuanza kama mtafiti. Alikuwa mwanafunzi aliyetaka kuvaa kama Alexander Mkuu, basi.

Kitani, siyo katani

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Katani ni nyuzi za mkonge, zile za kamba, unazozijua kutoka Tanga. Kitani ni kitu kingine kabisa: kitambaa kinachotokana na mmea mwembamba wenye maua ya buluu, ambao nyuzi zake zimo ndani ya shina. Ndicho kitambaa ambacho Wamisri wa kale waliwavisha na kuwafungia wafu wao.

Sasa, kitambaa kizuie mshale kweli? Waandishi wa kale hawakuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Homer anawataja mashujaa waliovaa kitani kifuani. Herodotus, katika karne ya 5 KK, anaeleza deraya ya kitani ambayo Amasis, mfalme wa Misri, aliitoa kwa hekalu la Lindos katika kisiwa cha Rhodes. Kila uzi wake, anasema, ulisokotwa kwa nyuzi 360. Plutarch anasimulia kwamba siku ya vita vya Gaugamela, mwaka 331 KK, Alexander alivaa deraya ya kitani ya tabaka mbili, iliyotekwa kutoka kwa Waajemi kule Issus.

Si wote walioisifu, lakini. Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 BK, anaonya kwamba pigo kali la chuma huipenya. Kwake yeye inawafaa zaidi wawindaji, kwa sababu meno ya simba na chui huvunjikia humo.

Ukiacha maandishi kuna picha. Mozaiki maarufu ya Alexander, iliyofukuliwa Pompeii mwaka 1831 na ambayo sasa iko makumbusho ya Naples, inamwonyesha mfalme huyo akiwa na deraya ambayo wengi wanaamini ni ya kitani. Vyungu vya Kigiriki vyenye askari waliovaa umbo hilohilo, yaani kiwiliwili kilichozungushwa kama bomba na vipande viwili vinavyofungwa mabegani, ni mamia.

Mbona basi makumbusho yamejaa deraya za bronzi na si za kitani? Jibu ni la kikemia. Kitani ni selulosi, na selulosi ni chakula cha bakteria na kuvu. Ukiizika ardhini penye unyevu, inaliwa ikaisha. Bronzi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na bati, inapata kutu ya kijani halafu inakaa palepale kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo ukiona kabati zima la bronzi usikimbilie kusema kwamba kila askari alivaa bronzi. Unachokiona ni kile ambacho udongo ulishindwa kukila.

Mwanafunzi anakuja na vazi

Scott Bartell alikuwa mwanafunzi wa University of Wisconsin–Green Bay huko Marekani. Alikuwa na mapenzi makubwa na Alexander, akajitengenezea deraya yake ya kitani kama hobi, kisha akamwonyesha mwalimu wake wa historia, Gregory Aldrete. Mwalimu akavutiwa, akaenda kutafuta utafiti wa kina juu ya deraya hiyo. Hakuupata. Vipande vya habari vilikuwepo huku na huko, ila hakuna aliyekuwa ameketi akavikusanya na kuvijaribu.

Wangeweza kuishia hapo, mwalimu akampongeza kijana na kila mtu akaenda zake. Badala yake ilizaliwa kazi ya miaka kadhaa iliyowaingiza wanafunzi wengine pia. Mwaka 2013 Johns Hopkins University Press ikachapisha kitabu kuhusu deraya hiyo, kilichoandikwa na Gregory Aldrete, Scott Bartell na Alicia Aldrete. Yaani jina la mwanafunzi liko kwenye jalada, si kwenye ukurasa wa shukrani.

Mikono inajua nini?

Hapa ndipo akiolojia ya majaribio inapoingia. Ni tawi la utafiti ambalo badala ya kukitazama kitu cha kale tu, unakitengeneza upya kwa vifaa vya wakati wake, unakitumia, halafu unaona kinakufundisha nini.

Timu ile iliamua kitani kiwe cha kweli: kilicholimwa, kuchakatwa na kufumwa kwa mikono, maana kitani cha dukani kimeshapita kwenye mashine na kemikali za kisasa. Kwa gundi walitumia za kale ambazo mtu yeyote angeweza kuzipata, mojawapo ikiwa ya ngozi ya sungura na nyingine ya mbegu za mmea wa kitani wenyewe. Wakapanga tabaka juu ya tabaka, wakigundisha, hadi kupata bamba la unene wa takriban sentimita 1.

Kisha wakataka kulikata lile bamba lifuate umbo la mwili. Mkasi haukufua dafu. Wakajaribu vifaa vingine vya kukatia, wapi! Mwishowe ikabidi watumie msumeno wa umeme wenye meno ya kukatia chuma. Kwa dakika chache hizo za jasho wakajifunza jambo ambalo huwezi kulipata maktaba: kama deraya hizi ziligundishwa, basi fundi wa kale, asiye na umeme, lazima alikata kila tabaka kwanza ndipo akazigundisha pamoja.

Mambo mengine yalijitokeza walipoivaa. Ilikuwa na uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, nyepesi sana ukilinganisha na ya bronzi, na haikugeuka kikaango juani. Mwanzoni ilikuwa ngumu kama ubao, lakini joto la mwili lililainisha gundi kidogo, na deraya ikaanza kufuata umbo la mvaaji.

Na mshale je? Walivipiga vipande vya majaribio kwa mishale tena na tena, wakipima umeingia kiasi gani. Hitimisho lao ni kwamba deraya ya unene ule ingemkinga mvaaji dhidi ya mishale mingi ya zama zile. Fizikia yake si ngumu. Ili mshale upenye, ncha yake lazima ikate au isukume kando maelfu ya nyuzi, na kila uzi unakula sehemu ya nguvu ya mwendo wake. Tabaka zikishikana, nguvu inasambaa eneo kubwa zaidi badala ya kubaki kwenye nukta moja. Fulana za kisasa za kuzuia risasi zinafuata kanuni hiyohiyo. Baada ya majaribio mengi Aldrete alimpiga mshale Bartell mwenyewe akiwa ameivaa, na Bartell hakudhurika. Tafadhali, usijaribu nyumbani.

Lakini gundi imetoka wapi?

Umegundua kitu? Tumezungumza aya kadhaa kuhusu gundi, na hakuna hata mwandishi mmoja kati ya wale niliowataja aliyesema neno gundi.

Aliyelieneza sana wazo hilo ni Peter Connolly (1935–2012), Mwingereza aliyesomea sanaa na aliyejijengea heshima kubwa kwa kuchora na kutengeneza upya zana za vita za kale. Kitabu chake Greece and Rome at War, cha mwaka 1981, kilipendwa na wasomi na wapenzi wa hobi vilevile. Connolly alijitengenezea deraya ya kitani iliyogundishwa, na ilipendeza. Wapenzi wa mavazi ya kale wakaiga. Aliyekwama akamuuliza mwenzake, mwenzake akampa vipimo na aina ya gundi, naye akampa mwingine. Kadiri nakala zilivyoongezeka ndivyo jambo lile lilivyozidi kuonekana la hakika. Nani atabisha wakati ameiona kwa macho yake kwenye maonyesho?

Wabishi wapo, na hoja zao zina uzito. Katika jamii nyingi ambako deraya za kitambaa zinajulikana vizuri, tabaka zilishonwa. Ulaya ya zama za kati ilikuwa na makoti ya vita ya kitani yaliyoshonwa tabaka kwa tabaka. Wapanda farasi wa Sudan na wa Bornu waliwavisha farasi wao mavazi mazito ya pamba yaliyojazwa sufi, sufi hiyohiyo unayoilalia kwenye mto. Mwandishi wa Kibizanti Niketas Choniates anaeleza deraya ya kitani aliyoivaa Conrad wa Montferrat mwaka 1187: tabaka 18 au zaidi, zilizoloweshwa katika mvinyo na chumvi. Hata huko gundi haimo. Wengine wanasema deraya nyingi kwenye vile vyungu huenda si kitani kabisa bali ngozi, kwa kuwa Xenophon anataja deraya za ngozi katika zama hizohizo.

Ongeza kemia. Gundi ya ngozi ni kolajeni iliyochemshwa, ndugu wa jelatini, na kolajeni ya namna hiyo hulainika kwa maji. Mvua ikinyesha, au askari akitoka jasho siku nzima, mshiko wake unapungua. Unaweza kuipaka nta, sawa. Ila hilo tena ni suluhisho letu, na bado hatujaonyeshwa kwamba lilikuwa lao.

Kwa hiyo majaribio ya Wisconsin yanathibitisha kwamba deraya ya kitani iliyogundishwa ingefanya kazi. Hayathibitishi kwamba Wagiriki walitumia gundi. Tofauti hiyo ndiyo roho ya makala hii, na ni rahisi mno kuipoteza ukiwa umeshika deraya nzuri mkononi.

Pale udongo unapojibu

Ili uone mambo yanavyokwenda ushahidi ukipatikana, tuhamie kwa Warumi. Wote tunaijua deraya yao ya mabamba ya chuma kutoka kwenye filamu. Kwa muda mrefu wasomi waliielewa kupitia vipande vilivyovunjika na michongo ya Nguzo ya Trajan, iliyosimamishwa Roma mwaka 113. Michongo inaonyesha nje tu. Ndani mabamba yameshikwa na nini?

Mwaka 1964, kule Corbridge karibu na Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, wachimbaji walipata sanduku lililozikwa likiwa na sehemu za deraya kadhaa za aina hiyo. Kutu ilikuwa imegandisha vitu vingi pamoja, na kwa kufanya hivyo ikahifadhi mpangilio wake. H. Russell Robinson, mtaalamu wa deraya katika ghala la silaha la Tower of London, akaweza kuonyesha kwamba mabamba yalishikiliwa na mikanda ya ngozi kwa ndani, kisha akatengeneza nakala zinazovalika.

Mwaka 1972 wapenzi wa hobi katika wilaya ya Gloucestershire walianzisha kikundi cha Ermine Street Guard na kutengeneza deraya kwa kufuata kazi ya Robinson. Watu wa hobi kama hao walifanya ambacho profesa hana muda nacho: kuvaa, kutembea, kunyeshewa, kutengeneza kilichovunjika, na kurudia tena mwaka hadi mwaka. Bawaba na bizimu zinang'oka. Ukienda kwenye machimbo ya kambi za Kirumi, vidude hivyohivyo vya aloi ya shaba vinaokotwa kwa wingi. Pale aloi ya shaba inapogusa chuma penye unyevu, chuma huliwa haraka zaidi, na sehemu dhaifu inaachia. Maumivu ya kichwa ya mtu wa hobi yakawa maelezo ya kitu kilichookotwa ardhini.

Na nakala ikikosea, udongo unaweza kuisahihisha. Mwaka 2018, huko Kalkriese nchini Ujerumani, mahali panapohusishwa na vita vya mwaka 9 BK, ilipatikana deraya ya mabamba ambayo ndiyo ya kale zaidi na iliyo kamili zaidi inayojulikana. Sasa kila mtengenezaji ana kitu kipya cha kulinganisha na kazi yake. Mtengenezaji wa linothoraksi bado hana bahati hiyo.

Ukitengeneza ya kwako

Labda uko kwenye kikundi cha maigizo, au unapenda tu kushona na kugonga vitu. Omba msaada kwa waliokutangulia, maana hakuna anayejifunza ufundi peke yake. Ila kwa kila kipande cha vazi lako weka rekodi ndogo: hiki nimekitoa kwenye ushahidi wa kale, hiki nimekiiga kwa mwenzangu, hiki nimekibuni mwenyewe kwa sababu kilihitajika kitu cha kushikilia. Mwenzako akikuambia "ndivyo walivyofanya", muulize kwa upole amejuaje. Mara nyingi utaona mnyororo wa nakala, na mwisho wake mtu mmoja aliyebuni kwa nia njema.

Kwa upande wa kitani, ubishi hautaisha kwa kutengeneza deraya nyingi zaidi. Utapungua siku kitakapopatikana kipande cha kutosha kutoka kaburi kavu, na mtu wa maabara akapima kama kati ya tabaka zake kuna kolajeni au kuna matundu ya sindano.