Jina la Utungo Likae Wapi? Historia Fupi ya Tagi za Metadata

Katika mapokeo ya utenzi, mtungaji aliweza kueleza mwenyewe, ndani ya utungo, kwamba kazi yake ni ya lini. Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, unataja katika beti zake za mwisho mwaka wa 1275 wa Hijra, yaani 1858/59. Taarifa hiyo imefungwa kwa vina na mizani, hivi kwamba mnakili aliyetaka kuibadilisha ilimbidi atunge upya mshororo. Makala haya yanachunguza jinsi jukumu hilo lilivyokabidhiwa tagi za metadata katika kurasa za wavuti, na yanadai kwamba mahali inapowekwa taarifa huathiri pakubwa uaminifu wake.

Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lililozaa wavuti katika kituo cha CERN, Geneva, mwaka 1989. Toleo la pili la HTML, lugha ya kuandalia kurasa hizo, lilichapishwa Novemba 1995 likiwa na tagi iitwayo META. Ukurasa wa HTML una kichwa na kiwiliwili. Msomaji huona kiwiliwili. META hukaa kichwani, ikisomwa na mashine pekee. Kwa hiyo, tofauti na beti za tamati, maelezo ya matini yalitengwa na matini yenyewe.

Wakutubi waliiona mapema fursa iliyokuwapo. Mnamo Machi 1995, wataalamu 52 walikutana Dublin, katika jimbo la Ohio, Marekani, wakapendekeza vipengele 13 vya kuelezea hati yoyote ya kielektroniki: mada, mtunzi, tarehe, lugha na kadhalika. Mfumo huo uliitwa Dublin Core. Baadaye vipengele vilifikia 15, na mwaka 2003 vikawa kiwango cha kimataifa, ISO 15836.

Hata hivyo, soko lilikuwa na nia nyingine. Mitambo ya utafutaji kama Infoseek na AltaVista ilitegemea, miongoni mwa mambo mengine, tagi ya maneno muhimu. Wenye kurasa walipolitambua hilo, walianza kujaza humo maneno yasiyohusiana na yaliyomo, wakiyarudiarudia ili kuvuta wageni. Uongo huo haukumwaibisha mtu, kwa kuwa msomaji hakuuona. Septemba 2009, Google ilitangaza kwamba haitumii tagi hiyo kupanga matokeo yake. Msema pweke hakosi, lakini hatimaye hukosa wa kumwamini.

Je, mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana hisa gani katika kisa hiki? Jibu limo katika kipengele cha lugha. HTML 4.0 ya Desemba 1997 iliruhusu kila sehemu ya ukurasa itajiwe lugha yake, na msimbo wa Kiswahili ni herufi mbili tu: sw. Chini ya herufi hizo hukaa Kiamu cha Mwana Kupona, Kimvita cha Muyaka na Kiswahili sanifu cha magazeti. Mwaka 2007, kiwango cha ISO 639-3 kilitenganisha Kiswahili cha pwani, swh, na cha Kongo, swc; lakini Kiamu, Kimvita na Kiunguja vilibaki pamoja ndani ya swh. Mtafiti anayetafuta matini za Kiamu hawezi kuzipata kwa msimbo huo peke yake.

Ni dhahiri, basi, kwamba kuandika tagi ni tendo la uhakiki. Anayeamua utungo uitwe wa nani, wa lini na wa lahaja gani anatoa hukumu ileile inayotolewa na mhariri wa miswada, ila huitoa pasipoonekana. Kazi hiyo ikiachiwa wasioijua lugha, tenzi zitahifadhiwa, lakini hazitapatikana. Watungaji wa Pate walitaja tarehe zao mahali ambapo kila msikilizaji angezisikia. Wahariri wa leo wana wajibu wa kuandika vichwa vya kurasa kwa uangalifu uleule, ingawa hakuna atakayewasikia.